Kanda Kutoka Nyumba ya Mhandisi

Bakri Shee alikuwa na lugha nne, na mwaka mzima wa vita alijiambia kwamba hizo nne ndizo zilizomweka hai. Kibajuni alizaliwa nacho kisiwani Chovai. Kiarabu alikipata chuoni kwa mwalimu wa Kurani, kwa fimbo. Kisomali alikiokota sokoni Kismayo kama kila mtu. Kitaliano alijifunza katika miaka kumi na tisa ya ukarani wa stoo kwenye kiwanda cha samaki, chini ya mabwana waliomtukana kwa lugha hiyo, kisha wakamzoea, mwisho wakamwachia funguo. Kiwanda kilipoporwa, hata bawaba za milango zilikwenda. Lugha haikubebeka.

Wapiganaji walioushika mji zamu ile walimfanya mkalimani. Wabajuni wengi walikisikia Kisomali vizuri tu, lakini mbele ya bunduki walikodoa macho wakajifanya hawaelewi, maana asiyeelewa amri hupata dakika moja zaidi. Basi akaitwa Bakri asimame katikati. Mkubwa akisema, "Waambie watoke kabla ya adhuhuri," Bakri aligeuka akasema, "Jamani, wanaomba kuazima nyumba siku chache." Aliona anapunguza makali. Mtu akitoka kwake bila kelele hapigwi risasi.

Hivyo ndivyo alivyotolewa hata dada yake, Mwanaharusi, mjane wa miaka sitini aliyekuwa jirani yake ukuta kwa ukuta. Bakri alimwambia siku chache, naye akatoka na mkeka mmoja na sufuria. Siku hizo zilikuwa sasa miezi saba. Mwanaharusi alikaa kwa mdogo wake, akisikia ng'ambo ya ukuta vijana wakipasua milango yake kwa shoka wapate kuni za chai. Hakuweza kutulia. Asubuhi alikwenda bandarini na ndoo ya uji, kwa watu waliokuwa wakishuka kutoka bara, mifupa mitupu, wakilala juu ya magunia matupu wakingoja meli ya chakula. Akirudi aliketi, akainuka, akaenda mlangoni, akarudi, akaketi tena. Na Bakri hakumwambia neno.

Siku moja ya Alhamisi, mwezi wa Shaabani, Athman alikuja mbio.

Athman alikuwa na ukumbi wa video nyuma ya soko la samaki: sebule ya nyumba yake, televisheni moja, deki moja, jenereta uani. Kwa kuwa usiku hapakutoka mtu, alionyesha alasiri, madirisha akiyaziba kwa mablanketi. Kanda zake zilikuwa za Kihindi, nne tu, na watu walizijua hata wakawa wanaimba kabla ya mwimbaji.

"Bwana Bakri, nimepata kanda mpya," alisema akihema. "Vijana wa Mahmoud wameleta mfuko mzima kutoka ile nyumba ya mhandisi wa Kitaliano aliyekimbia. Moja ina picha ya meza, kitambaa cheupe, watu wamevaa vizuri. Nadhani ni harusi. Lakini ni Kitaliano kitupu. Njoo utufasirie."

"Mahmoud mwenyewe atakuwepo?"

"Amesema atakuja."

Basi hapakuwa na la kukataa. Mahmoud ndiye aliyeushika mtaa wao, mtu wa miaka thelathini na kidogo, mwembamba, ambaye kabla ya vita alikuwa akifundisha hesabu katika skuli moja pale pale mjini. Hakuwa mpiga kelele. Wenzake walipopiga risasi hewani, yeye alitazama saa.

Bakri alipovaa kofia atoke, Mwanaharusi alisimama. "Nami naenda."

"Dada, wewe na sinema wapi na wapi?"

"Nisikae hapa nisikilize mlango wangu ukipasuliwa. Naenda."

Sebule ilijaa watu thelathini hivi. Kochi moja la pekee walilikalia Mahmoud na vijana wake watatu, bunduki katikati ya magoti. Waliobaki waliketi mikekani: Khamis, fundi wa mashua, na mkewe Zaituni, wavuvi, wanawake wa sokoni waliotaka kupumzisha miguu. Bakri alipewa kigoda kando ya televisheni. Athman akavuta kamba ya jenereta, kioo kikawaka.

Ilianza na meza. Meza tu, kitambaa cheupe, na mikono ya mwanamke ikipanga visu. Hapakuwa na muziki. Picha haikusogea. Dakika tatu zikapita, pengine nne.

"Athman, imekwama," alisema Khamis.

"Haijakwama, tazama mikono."

"Hii sinema au picha ya ukutani?"

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja akauliza wimbo utaanza lini. Ndipo familia ikaingia: baba mwenye mvi zilizochanwa, mama, mwana wa kiume, na binti aliyerudi kutoka masomoni akiwa bado na koti la safari. Walizungumza polepole, kwa adabu, na Bakri akafasiri, kwa Kibajuni kisha kwa Kisomali: hali ya barabara, afya ya shangazi, mvua. Kila jioni familia ile ilimwalika mgeni. Fundi wa saa. Mwalimu wa piano. Mjane wa jirani. "Karibu," Bakri alifasiri. "Karibu mezani." Na kila asubuhi picha ilionyesha bustani, na ukutani jozi moja zaidi ya viatu.

Bakri ndiye aliyetambua kwanza, kwa sababu aliyasikia maneno. Mama alimwambia mwanawe, kwa sauti ile ile ya kuulizia mvua, kwamba mwalimu wa piano alikuwa mgumu kidogo. Bakri akafasiri, "Anasema wali haukuiva."

Lakini macho hayangoji mkalimani. Sahani ilipoletwa karibu, minong'ono ikakatika.

"Bakri," aliita Zaituni. "Nyama gani ile?"

"Ya mbuzi."

"Mbuzi gani huyo," alisema Khamis, "anayevaa pete?"

Kicheko kilianza pembeni, hakikufika katikati. Mle sahanini, juu ya mboga zilizopangwa vizuri, kulikuwa na kidole, na pete ilikuwa ile ile ya mjane wa jirani. Mwana wa kiume aliivua kwa uma, akaiweka kando ya sahani kama mtu anavyoweka mwiba wa samaki, akaendelea kula. Na hapakuwa na muziki wa kumtia mtu hofu wala wa kumtuliza. Palikuwa na sauti ya meno tu.

Zaituni alitapikia mtandio wake. Mvuvi mmoja alisoma Ayatul Kursi kwa sauti, mwingine akamwambia usisome Kurani mbele ya uchafu huu. Wanawake wawili walipenya jikoni wakatokea uani. Mmoja wa vijana wa kochini, mwenye mkanda wa risasi kifuani, alifunika uso kwa kanzu ya mwenzake. Khamis aliinuka akisema haya si mambo ya Muislamu kutazama, akafika mlangoni, akasimama. Akarudi. "Nimesahau kiatu," alisema, akaketi pale pale, kiatu mguuni.

Ajabu ilikuwa hiyo. Waliotoka walichungulia kupitia blanketi la dirisha. Waliofunika macho waliachanisha vidole. Athman alinyoosha mkono azime, Mahmoud akasema bila kugeuka, "Iache."

Binti wa kwenye filamu alikwisha jua. Alipanda ngazi, alishuka, alifungua madirisha, aliyafunga. Wazazi walimbembeleza wakamwambia ni mila ya nyumba na kwamba yeye mwenyewe amelelewa kwayo.

Ndipo Mwanaharusi aliposimama. Alikwenda mbele kabisa, mwanga wa kioo ukampiga mgongoni, kivuli chake kikawafunika waliokaa mikekani. Alisema kwa Kibajuni, mtu akiwa mchu kinywani mwake, na sauti yake haikutetemeka.

"Hawa wachu hawana njaa! Mwaona? Wana kitambaa, wana visu vya fedha. Njaa naijua, natoka nayo bandarini asubuhi hii. Kule kuna mama amekufa na mwanawe ubavuni, na kando yao mbuzi wa mchu amefungwa, wala hawakumgusa. Wenye njaa hawali wachu. Wanaokula wachu ni walioshiba." Kisha akamgeukia mdogo wake. "Na wewe usituambie mbuzi. Uliniambia siku chache, nikatoka na mkeka."

Nyuma yake kiooni binti wa Kitaliano alikuwa akilia bila sauti.

"Adeer," Mahmoud alimwita Bakri, kama Msomali anavyomwita mtu wa rika la baba yake mdogo. "Mama anasema nini?"

Bakri akajibu, "Anasema kichwa kinamuuma."

"Maneno mengi kwa kichwa kimoja."

Mwanaharusi alitoka kwa mlango mkubwa, na kijana aliyekaa pale na bunduki aliondoa miguu ampishe.

Filamu haikuwa ndefu tena. Mwisho wake, binti alishuka ngazi akiwa amevaa vizuri, nywele zimechanwa, akavuta kiti chake. Wote wakamtazama. Akasema maneno mawili, picha ikawa nyeusi.

"Amesema nini?" watu waliuliza kwa pamoja.

"Amesema, sina njaa, asanteni," alijibu Bakri.

Mablanketi yaliposhushwa na jua la alasiri likaingia, watu hawakutawanyika. Walisimama uani wakibishana kama waliotoka kwenye kesi. Khamis alisema binti hakula, maana amekataa kwa kinywa chake. Mwuza ndizi alisema amekula, vinginevyo angevaa vizuri kwa ajili gani? Mvuvi wa Kurani alisema aliyeitengeneza filamu ile ni mgonjwa na aliyeitazama ni mshirika wake, na alipoulizwa mbona yeye ameitazama yote, alikasirika akaondoka. Zaituni alisema yeye nyama ndiyo basi mpaka Idi. Wengine waliona aibu kutazamana. Ilikuwa kama kila mtu amemwona mwenzake akiwa uchi.

Bakri alitaka kupenya aondoke nao, akaitwa ndani. Mahmoud alikuwa bado kochini, peke yake. Vijana wake walikuwa nje wakinawa nyuso.

"Adeer, kaa. Yule binti alikula?"

"Nimekwisha fasiri. Alisema hana njaa."

"Alisema maneno mawili. Wewe umesema matatu. Mimi ni mwalimu wa hesabu."

Bakri alitazama kioo kilichozimika. Angeweza kupata uongo mwingine, alikuwa nao tele. Lakini alikuwa amechoka, na maneno ya dada yake yalikuwa yakimwasha kama upupu.

"Alisema: chumvi, tafadhali."

Mahmoud akauliza, "Na yule mama. Ni dada yako, sivyo? Alisema nini?"

"Mahmoud, ni mtu mzima, ana uchungu wake..."

"Nimezaliwa mji huu. Nimenunua samaki kwa Wabajuni tangu utotoni. Njaa najua maana yake, na kula watu najua maana yake. Nataka nisikie kama utanifasiria."

Basi Bakri akafasiri. Alifasiri neno kwa neno, mama wa bandarini, mbuzi aliyefungwa, walioshiba, na mwisho ule wa mkeka, akijisikia anavuliwa nguo moja moja. Alipomaliza, Mahmoud alisimama akatazama saa.

"Kesho baada ya sala ya Ijumaa wanakuja wakubwa zangu. Nataka waione kanda hii. Wewe utafasiri, na usiseme mbuzi. Na dada yako aje. Asimame pale pale aliposimama leo, aseme alivyosema."

"Kwa nini?" Neno lilimtoka Bakri kabla hajalizuia.

Mahmoud alimpita akatoka.

Bakri alikwenda nyumbani akizunguka njia ndefu. Alijaribu kuusoma uso ule. Huenda mtu yule alitaka kuwaaibisha wakubwa zake. Huenda alitaka wamwone mwanamke aliyewatukana, wafanye watakalo. Pengine hata mwenyewe hakujua. Lakini kwa vyovyote vile, aliyeamriwa kusimama mbele ya wale watu ni Mwanaharusi, na ulimi uliotakiwa kumkabidhi kwao ni wake.

Alimkuta dada yake ukumbini, amesimama.

"Dada, kesho tunaondoka."

Kwa mwaka mzima Mwanaharusi alikuwa akimwambia waende Chovai, naye akijibu, sisi hawatatugusa, wananihitaji. Mwanamke yule hakumkumbusha. Aliuliza tu, "Na nani?"

"Na Khamis. Mashine ya mashua ameificha, lakini anayo."

Ijumaa ilikuwa na kazi ya kuvaa uso wa kila siku. Khamis aliivuta mashua yake majini mapema, akawaambia walinzi wa ufukweni kwamba anaijaribu kama inavuja. Zaituni alishuka na watoto wake wawili na ndoo, kama waendao kuokota kombe maji yakiwa yametoka. Bakri alikuwa na mfuko wa nguo ndani ya kapu la makaa. Mwadhini alipoanza kuadhini, vijana wenye bunduki wakielekea msikitini, Bakri alimgeukia dada yake asimwone.

Mwanaharusi alikuwa amekwenda nyumbani kwake.

Bakri alichungulia juu ya ukuta. Kijana mmoja tu alikuwa amebaki, amelala barazani, redio kifuani. Mwanaharusi alimpita. Aliingia chumba hiki akatoka, akaingia kile. Vyumba havikuwa na milango tena, hivyo Bakri alimwona wakati wote, akigusa kuta kwa kiganja. Kijana alifumbua macho. "Mama, unataka nini?" aliuliza kwa Kisomali.

"Naaga," Mwanaharusi akamjibu, kwa Kisomali kile kile, kilichonyooka bila kukwaa.

Kijana alimtazama. Pengine alikuwa na mama. Pengine alikuwa na usingizi. Aligeukia upande wa pili.

Hawakukimbia njiani, ingawa miguu ya Bakri ilitaka. Walivuka mchanga, maji yakawafika magotini, Khamis akawapandisha. Aliwasukuma kwa mti mpaka mjini kukawa mbali, ndipo akaichomoa mashine kutoka chini ya nyavu, akaifunga, akavuta kamba. Ilikataa mara tatu. Zaituni akalia. Mara ya nne ikanguruma.

Walipoanza kuviona visiwa, watoto walikuwa wamelala. Bakri alisogea karibu na dada yake.

"Siku ile ya nyumba," alisema. "Hawakusema kuazima. Walisema mtoke kabla ya adhuhuri, na atakayebaki watamtoa wao."

"Najua."

"Wajua?"

"Bakri, marehemu mume wangu aliuza papa kwa Wasomali miaka thelathini, mimi ndiye niliyekaa nao kwa bei yeye akiwa baharini. Wadhani niliwasemesha kwa vidole? Nilisikia kila neno. Nilikuwa nangoja wewe uniambie."

Bakri alitaka kusema kwamba alimhurumia, kwamba aliogopa angepigana nao, kwamba alimwokoa. Yote yalikuwa kweli kidogo. "Nisamehe, dada," alisema.

"Nitakusamehe. Si leo." Akamrushia upande wa kanga ajifunike jua.

Chovai walipokewa na jamaa, wakapewa chumba, na kabla hawajamaliza kunywa maji watu waliulizia filamu. Habari ilikuwa imefika kabla yao, lakini imevimba njiani. Ilisemwa kwamba Kismayo watu wameliwa kwa Athman, na serikali ya Italia imeleta kanda kuonyesha namna ya kupika. Bakri aliwaeleza ilivyokuwa, wakamsikiliza kwa heshima, wakaondoka wakisimulia yao. Siku ya kumi mashua za wenye bunduki zilifika visiwani, wakachukua nyavu na mashine, hata sufuria. Ile ya Khamis ilikuwa imezikwa. Walipoondoka, kina Bakri waliifukua, wakaelekea kusini mpaka upande wa Kenya, na baada ya siku nyingi za kuhojiwa wakajikuta kambini karibu na Mombasa, hema moja watu sita.

Athman aliwafikia huko baada ya miezi miwili, amekonda, meno mawili ya mbele hayapo. Alikula kwanza. Kisha akasimulia, Mwanaharusi na Bakri wamemzunguka.

"Wakubwa walikuja watano. Mahmoud alituma mtu kwako, akakuta nyumba tupu. Nilijua leo ndiyo siku yangu. Lakini hakusema kitu. Alichukua kile kigoda chako, akaketi kando ya televisheni, akafasiri mwenyewe."

"Kitaliano hakijui," alisema Bakri.

"Hakijui hata chembe! Alibuni. Kila mgeni aliyealikwa mezani, Mahmoud alimpa jina. Huyu ni mwenye duka fulani. Huyu ni mwenye mashua fulani. Majina ya watu wa mjini, Bakri, watu tunaowajua, walioporwa na waliouawa. Wakubwa mwanzo walicheka. Mmoja alicheka mpaka machozi. Mwingine akawa anajikuna shingo, hatulii. Ilipofika ile sahani, mzee wao akasimama akasema, zima. Mahmoud akasema, bado haijaisha. Basi mzee akaipiga televisheni risasi. Mimi meno haya nilipigwa kitako cha bunduki kwa kuwa ukumbi ni wangu. Jenereta wakachukua."

"Na Mahmoud?"

Athman aliinua mabega. "Walimtoa nje. Wengine wasema alipelekwa mstari wa mbele huko mtoni. Wengine wasema wamemwona Nairobi. Mimi sikumwona tena."

Nje ya hema watu walikuwa wakigombania foleni ya maji. Bakri alikuwa akimkumbuka mtu yule alivyotazama saa, na alijua kwamba maisha yake yote hatajua kama siku ile alimkimbia adui au alimwacha mtu peke yake.

Mwanaharusi aliuliza, "Nyumba yangu waliiachaje?"

"Wametoa bati, mama. Kuta zipo."

"Kuta zipo," alisema. Alijifunga mtandio, akaokota dumu mbili tupu, moja akampa Athman. "Inuka basi. Hapa asiye na kadi hapewi maji, na ofisi hufungwa saa sita. Bakri, mpeleke akaandikishwe, ukae naye mpaka aitwe."

Walikaa kwenye foleni mpaka saa sita, juani, na jina la Athman halikuitwa. Waliambiwa warudi Jumatatu.